Komwe Tisa

Ijumaa usiku, Nakuru

Nimezihesabu mara tatu, na mara zote zimegoma kwenye 55. Bao linataka kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji, wala hakuna cha kusema tupunguze. Tisa zimekwenda. Mwizi ninamjua: mwana wa kaka yangu, miaka minane, anayekaa kwangu kwa ajili ya shule. Wiki nzima amekuwa akizichomoa kwenye mfuko wa kaniki na kwenda kuchezea bano, yaani gololi, nyuma ya duka la mahindi. Nilipomkalisha chini akaniangalia kwa macho makavu.

"Shangazi, hizo ni bano tamu sana. Hazivunjiki."

Ni kweli hazivunjiki. Ndiyo maana marehemu baba alizipenda.

Msomaji wa bara akisikia komwe atafikiria paji la uso lililomtangulia mwenyewe. Mimi ninazungumzia mbegu, ndizo kete zetu za bao. Mkomwe ni mti wa kutambaa wa kwetu pwani. Huota nyuma ya ufuo, pale mchanga unapoanza kushika majani, na kwa kuwa hauwezi kusimama peke yake hupanda juu ya vichaka vya jirani mpaka ukavifunika. Shina lina miiba, kikonyo cha jani kina miiba iliyopinda kama ndoana, hata ganda la mbegu limeota miiba. Maua yake ni ya manjano. Ganda likikauka hupasuka na kubaki limeachama, na ndani utaona komwe za kijivu, aghalabu mbili, zimetulia zinakutazama. Ishike moja karibu na taa. Inang'aa kama kikombe cha kauri, na ukiigeuza polepole utaona mistari myembamba kupita unywele ikiizunguka, mduara juu ya mduara, kama alama ya kidole.

Baba alipopooza upande wa kulia, kaka zangu wote walikuwa wametawanyika na riziki zao. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Yeye akitaja shimo, mimi ninaokota na kusambaza. Kwa miaka minne nilikuwa mkono wake. Wazee wa barazani walinung'unika mwanzoni, mwanamke na bao wapi na wapi, kisha wakazoea, maana mkono huo uliwafunga. Alipofariki nikapewa bao lile na komwe zake, nami nikahama navyo mpaka huku Bondeni, mtaa wa Nakuru.

Bila shaka mtu ataniuliza kwa nini nisiagize nyingine nyumbani. Niliagiza. Kaka yangu alizitia kwenye bahasha akazipa basi. Bahasha ikafika Nairobi, Nakuru haikufika. Kwenye ofisi ya mizigo walinionyesha daftari lenye sahihi ya mtu nisiyemjua, wakanitakia siku njema. Kaka anasema hana nyingine za kutuma, na pale tulipokuwa tukiokota utotoni pamejengwa ukuta, una geti na mlinzi.

Basi kesho ninakwenda Kisumu na marobota mawili ya madera na leso, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Nimetia komwe tano kwenye pochi, ziwe mashahidi. Wajaluo wana mchezo wao wa ajua, nao hawachezi kwa hewa.

Jumamosi, Nakuru hadi Kisumu

Njia yenyewe ni kama kilometa 180, na sitaisimulia yote. Nilikaa na mzee mmoja aliyebeba vifaranga kwenye boksi lenye matundu. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akasema, "Marahaba, mama wa Mombasa." (Mimi si wa Mombasa, lakini kwa watu wa huku kila anayevaa buibui ni wa Mombasa.) Nilipomwonyesha komwe aliizungusha katikati ya vidole viwili, akanyamaza kidogo.

"Hii ni mbuthi," alisema. "Tulikuwa tunachimba mashimo chini, kule malishoni, tunacheza giuthi mpaka mbuzi wanaingia shamba la watu."

Nikamuuliza walizitoa wapi.

"Kwa mubuthi. Mti wa miiba, wa msitu. Unapanda juu ya miti mingine."

Nikamwambia wa kwetu unaota ufuoni, mawimbi yanaukaribia. Alinitazama kama ninayemwambia kwamba ng'ombe wa kwetu hulala baharini. Akashuka njia panda ya Molo na vifaranga vyake, hajaniamini.

Kericho mvua, majani ya chai yanameremeta hadi upeo wa macho. Ahero mpunga. Kisumu joto, na hilo joto ndilo lililonifanya nivute pumzi kama mtu aliyefika kwao.

Jumapili, Kibuye

Kibuye Jumapili si soko, ni mji juu ya mji. Viti, milango, magodoro, nguo za mtumba, kuku, majembe, dawa ya panya inayotangazwa kwa spika. Nilipata nafasi karibu na wauza sufuria nikatandika turubai. Hadi saa sita nilikuwa nimeuza robota moja, na leso zenye maneno ya mafumbo ndizo zilizotangulia kwisha. Dada mmoja alinitaka nimsomee jina la leso kabla hajalipa. Nilimsomea, akacheka, akanunua mbili: moja yake, moja ya jirani aliyekusudiwa.

Nilimwachia muuza sufuria turubai langu, nikaenda upande wa dawa za miti. Pale magome yamefungwa kwa kamba, mizizi imelala kama kuni, unga wa rangi zote uko kwenye chupa za soda. Mama mmoja mnene mwenye kilemba cha kijani akaniuliza, "Unatafuta nini, mama?"

"Ajua."

"Ya kucheza ama ya homa?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Akaona nimeduwaa, akacheka mpaka kilemba kikalegea, akanieleza: majani huchemshwa yakanywewa mtu akiwa na malaria, mbegu huchukuliwa na wazee wanaocheza chini ya mti. Kwao mchezo ni ajua, na mti nao ni ajua. Sisi Waswahili tumetafuta majina matatu, bao na mkomwe na komwe, wao wameona moja latosha.

Akatoa mkebe wa majani ya chai, akamwaga mbegu kwenye gunia. Niliweka mashahidi wangu kando yake. Hawakuwa ndugu wa tumbo moja, ila ukoo ulionekana. Zake zilikuwa nene kidogo, rangi imeelekea udongo, na mng'ao ulikuwa umefifia. Nilizipima mkononi moja moja, macho nimefumba, kama nilivyokuwa nikizichagulia shimo. Mkono ukakubali.

"Ishirini kila moja," akasema.

"Mamangu, mbegu ya msituni ishirini?"

"Msitu una nauli."

Tukakubaliana sita kwa shilingi 100. Nikataka kujua ndani kukoje, akaiweka moja juu ya bamba la chuma akaipiga kwa jiwe la mizani. Ikaruka ikaenda chini ya meza ya jirani. Akaitafuta, akaipiga tena. Mara ya nne ikapasuka. Ganda lilikuwa nene kama kigae, na ndani kiini cheupe kimejikunja. Nikakiuma kidogo. Uchungu ule ulinikaa ulimini mpaka usiku, chai haikuusaidia, chapati haikuusaidia. Huko India mbegu za mkomwe wa pwani zimetumiwa kwa homa tangu zamani, na ile chembe chungu iliyomo wataalamu wameiita bonduseni. Mimi homa yangu huipeleka ikapimwe damu, lakini simkatalii mtu mti wake.

Nimebaki na tano za Kibuye. 55 na 5 ni 60.

Usiku nyumba ya wageni ilikuwa na mbu wengi na stima kidogo. Nilisoma kwenye simu kwamba mkomwe wetu kitaalamu umeitwa Caesalpinia bonduc, na huu wa bara Caesalpinia volkensii, kwa jina la Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Huyo mzee wa vifaranga angemfahamisha mapema zaidi.

Jumatatu, Dunga

Sikuwa na haja ya kwenda Dunga isipokuwa samaki na ziwa. Muuza sufuria ndiye aliyenitia maneno: pale ufuoni wako wazee wanaocheza ajua kuanzia asubuhi, ukitaka mbegu nzuri katazame zinazochezwa, usitazame zinazouzwa.

Niliwakuta chini ya mti, nyuma ya mahali akina mama wanapoanika omena. Wanne, na watazamaji kama wanane, kila mtazamaji ana maoni. Niliwasalimu, nikasimama pembeni nikatoa komwe zangu. Mchezo ukasimama.

"Bwana yako ndiye anacheza?" akauliza mmoja mwenye kofia ya karani.

"Mimi ndiye ninayecheza."

Kimya, halafu vicheko, halafu wakanisogezea kigoda.

Sheria zao si zetu. Kusambaza ni kule kule, mbegu moja moja kila shimo, lakini hakuna nyumba na hakuna kunamua. Nikajaribu kuwaeleza bao letu: mashimo 32 kwa safu nne, kila mtu anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita ndani ya nyumba, ambalo ni lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili kando yake. Zile 22 zilizobaki umezishika mkononi, unaziingiza moja moja kila zamu ikifika, huko ndiko kunamua. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, na hapo ndipo watu huanza kukosana. Mwenye kofia alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Hiyo ni kazi ya ofisi," akasema.

Nilicheza ajua yao mara mbili, nikafungwa mara mbili, ya pili haraka kuliko ya kwanza. Kuuza mbegu walikataa katakata. Seti ikipungua moja, walisema, ni kama nyumba imetoka mtu. Nilitaka kuwaambia habari za mpwa wangu na bano, nikaona aibu.

Kijana mmoja wa mashua alikuwa ameishika komwe yangu muda wote. Akauliza kama ni kweli inatoka baharini. Nikamwambia haitoki baharini, inaota kando yake, ila husafiri baharini. Kiini hakijazi ganda, ndani mna hewa, kwa hiyo huelea. Na ganda lenyewe halipitishi maji. Ikianguka kwenye maji ya bamvua inachukuliwa na mkondo, na inaweza kukaa baharini mwezi baada ya mwezi ikatupwa nchi ya mbali ingali hai. Zimeokotwa mpaka fuo za Uskoti na Norwe, nchi ambazo mkomwe ukipandwa nje utakufa kwa baridi wiki ya kwanza. Katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti watu wa zamani walizivaa shingoni kama hirizi ya kumkinga mtoto na jicho baya. Hawakujua zimetoka mti gani, waliona tu bahari imewaletea.

"Hebu tuone," akasema kijana.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilikwenda hadi kwenye maji, nikaitua juu ya ziwa kama mtu anayeshusha yai. Ikaelea, kweli, imejiinua nusu mgongo. Wote wakasema aah. Wimbi dogo likaja likaibeba, la pili likaisukuma chini ya mashua, na rangi ya komwe na rangi ya maji ya pale ni moja. Nilihisi tumbo limeanguka. Kete ya baba, imetoka bahari ya Hindi, inapotelea ziwa Viktoria mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeitia maji!

Kijana alikuwa ameshaingia mpaka kiunoni. Akapapasa, akainama, akatoka na gunzi la mahindi. Akarudi. Watazamaji wa ajua walihamia ufuoni, kila mmoja akielekeza upande wake. Hatimaye mama mmoja wa omena, aliyekuwa hata hatazami, alisema, "Si ile pale imekwama kwa kamba?" Ilikuwa imekwama kwenye kamba ya nanga, inacheza cheza.

Nilimnunulia kijana soda na ngege ya kukaanga. Mwenye kofia akanipa neno la kuondokea: nijaribu Mumias, kwa Waislamu wa zamani wa kule, kwa kuwa hao ndio waliokuja na vitu vya pwani.

Jumanne, Mumias

Matatu hadi Kakamega ikipita vilima vya Maragoli na mawe yake yaliyobebana, kisha nyingine hadi Mumias katikati ya miwa.

Mumias ina historia inayomhusu mtu wa pwani kuliko miji mingi ya huku. Hapa palikuwa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika hapa kutoka pwani ikielekea Buganda, ikapumzika, ikanunua pembe na chakula, na baadhi ya watu wake hawakuendelea. Wakaoa, wakajenga, wakaswali. Ndiyo maana unaweza kushuka matatu katikati ya miwa ukasikia adhana na ukasalimiwa kwa Kiswahili ambacho hakikujifunzwa shuleni.

Nilielekezwa kwa maalim mmoja mzee anayefundisha watoto Kurani chini ya ukumbi wa nyumba yake. Nikangoja darasa liishe. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, yamekuwa kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Sauti ya Vanga hiyo, au Gazi?"

Mwili ulinisisimka. Nilimwambia jina la kijiji chetu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekisia bei sawasawa. Babu yake, alisema, alikuja na msafara akitokea pwani ya Tanga akiwa mpagazi, mzigo wake pembe wakati wa kurudi na nguo wakati wa kuja. Mzigo wa kurudi hakuubeba kamwe, kwa sababu ya bibi yangu, akaongeza, na mkewe aliyekuwa anatutilia chai akasema hadithi hiyo ameisikia tangu aolewe.

Nikamtilia komwe mkononi. Hakuuliza ni nini. Aliisugua kwa kidole gumba, akaipeleka shavuni kupima baridi yake, akaigongesha kwenye jino.

"Komwe," alisema. "Ya bahari. Si hizi za kwao huku."

Bao alikuwa nalo, limepasuka pembeni na kufungwa kwa waya. Lakini kete zake zilikuwa mchanganyiko: vijiwe vya mtoni, kokwa za matunda, ajua kama kumi, na komwe za kweli chache ambazo aliziweka peke yake, kwenye nyumba, kila mchezo unapoanza. Tulicheza ukumbini watoto wakitazama. Mchezaji asiyeona anacheza kwa ncha za vidole. Hupitisha mkono juu ya safu yake upesi, mara moja tu, kama mtu anayefuta vumbi, na tayari ameshajua kila shimo lina ngapi. Upande wangu aliniuliza hesabu, nami nikamtajia. Sikumdanganya, ingawa shetani alikuwepo. Mchezo wa kwanza niliila nyumba yake ikiwa na kete 12, akapiga paja, akaita mkewe aje ashuhudie. Wa pili alinisubiri kwenye kichwa, lile shimo la mwisho wa safu, nikabaki kutakata tu, yaani kusambaza bila kula, na kabla ya adhuhuri hakuna kilichobaki safu yangu ya mbele.

Nilimtajia lile jina la kitaalamu, bonduc, nikitamka ninavyojua. Akalirudia mara mbili.

"Hiyo bunduq," alisema. "Kiarabu. Ni kokwa, ile ya kuliwa, ya mviringo. Halafu ikawa risasi ya mviringo. Halafu ikawa chombo chenyewe kinachoirusha. Nyinyi mkasema bunduki."

Kwa hiyo mti wa kuchezea bao na silaha vimenyonya ziwa moja. Nimekaa na hilo njia nzima, sijui nilifanyie nini.

Nilipoaga alipapasa kwenye nyumba ya bao lake, akatoa komwe mbili, akanifumbatisha. Nikakataa mara ya kwanza, kama inavyostahili. Nikakataa mara ya pili. Mara ya tatu mkewe akasema, "Chukua, bibi, asije akazigawa kwa mtu asiyezijua." Nilimwachia yeye leso na mzee nikampa kanzu mpya niliyokuwa nimeibeba kwa mteja wa Kisumu ambaye hakutokea.

62.

Jumatano, msitu wa Kakamega

Boda boda kutoka Khayega, kupitia Shinyalu, hadi Isecheno. Nilikwenda kwa sababu ya neno la mzee wa vifaranga: mti wa miiba, wa msitu. Nilitaka kuuona ukiwa hai.

Kiongozi wa msituni, kijana mpole mwenye gambuti, aliniambia mapema kwamba ndani ya msitu hakuna kuchuma kitu. Nikamwambia sina shida na hilo, macho tu. Lakini hatukwenda mbali. Ulikuwa nje, umepanda ua wa shamba linalopakana na msitu, umekalia miti ya ua kama mgeni aliyepewa kiti akakimaliza. Majani yenye vijani viwili viwili juu ya kikonyo kirefu, na chini ya kikonyo zile ndoana. Niliutambua kabla hajanionyesha. Moyo ulisema mkomwe, macho yakasema ngoja.

Nikasogea kuutazama vizuri, na mkomwe wa bara una adabu zile zile za wa pwani: ukiingia unakaribishwa, ukitoka unashikwa. Mwiba mmoja ulinasa mkono wa buibui, nikageuka kuutoa, wa pili ukanasa mgongoni, wa tatu mtandio. Ukivuta, inazama. Lazima urudi ulikotoka, kinyumenyume, kama unayemuaga mfalme. Baba alikuwa akituambia hivyo hivyo tulipokuwa watoto, nami nilikuwa nimesahau kwa sababu Nakuru hakuna kitu kinachonishika nguo. Buibui limechanika shubiri nzima.

Kijana alinieleza, huku akinichomoa mwiba baada ya mwiba, kwamba majina ya vitabuni yamebadilika. Linnaeus mwaka 1753 aliuita mkomwe Guilandina bonduc. Karne ya 19 ukahamishiwa kwenye jamii ya Caesalpinia. Mwaka 2016 wataalamu waliichambua upya jamii hiyo na kuurudisha ulikotoka, pamoja na huyu binamu wa bara. Ameolewa, ameachwa, amerudi kwao na jina lake la usichana. Nilicheka peke yangu, kijana hakuona cha kuchekesha, hajaoa.

Mwenye shamba, mama mmoja aliyekuwa akipura maharagwe, alishangaa kwamba nimetoka Nakuru kwa ajili ya ua wake. "Hizi miiba? Chukua zote, na mizizi yake." Maganda mengi yalikuwa mabichi bado. Lililokauka lilikuwa moja, juu, na mwanawe alilidondosha kwa ufito. Lilikuwa limeachama tayari. Ndani mbegu mbili. Nilimpa mama leso ya mwisho ya robota, akaifungua, akaniuliza imeandikwa nini. Nilimsomea. Akaifunga kiunoni papo hapo akaendelea na maharagwe.

64.

Alhamisi, Nakuru tena

Njia ya kurudi sikuiona, nililala. Nilifika magharibi. Mwana alikuwa ameketi kizingitini, uso wa mtu aliyewaza kesi yake siku sita.

Nikamwagia zote kwenye mkeka. Za baba 55, za Kibuye tano, za maalim mbili, za Kakamega mbili. Nikamwambia afumbe macho anitajie zipi ni ngeni. Alikosea nyingi, lakini zile mbili za maalim alizirudisha kwenye fungu la babu yake bila kusita.

Kisha nikatenda jambo ambalo bado ninajiuliza. Nilichukua moja ya Kakamega nikampa na tupa ya kunolea kisu. Komwe ukiifukia hivi hivi inaweza kukaa ardhini miaka imekuchunia, kwa kuwa maji hayaingii. Lazima uikwaruze ganda upande mmoja mpaka weupe uonekane, uilaze kwenye maji usiku kucha, ndipo uizike. Ya bahari sikuithubutu. Nakuru iko juu karibu mita 1,850, na baridi ya Julai ingeimaliza. Hii ya Kakamega imezoea milima.

Mtoto alikwaruza nusu saa, ulimi nje. Tupa ikapata moto, komwe ikapata moto zaidi, akaitupa akipiga kelele. Nikakumbuka tulivyokuwa tukizisugua kwenye saruji ya baraza na kumbandika mwenzio pajani. Sikumfundisha hilo. Atalijua mwenyewe, na ole wao wenzake wa bano.

Sasa iko kwenye kikombe cha maji dirishani, na kwenye bao ziko 63. Jirani anakuja kesho baada ya isha, tumeshaahidiana mchezo. Nimezunguka nyumba nikitafuta cha kujazia nafasi, nikakata kifungo kikubwa cha kijivu kwenye koti la shule.

"Shangazi, sasa nitalivaaje?"

"Utalivaa wazi," nikamwambia, "mpaka mkomwe uzae."